Kwenda Ng'ambo Kutafuta Kazi: Maelezo kwa Watu wa Kibaha na Kisarawe

Katika vijiji vingi vya Kibaha na Kisarawe husikika habari za vijana watakao kwenda ng'ambo kutafuta kazi, hasa Omani, Falme za Kiarabu, Saudia na Katari. Wengi wao hawana shahada ya chuo. Wengine wameishia kidato cha nne, na wengine darasa la saba. Swali waulizalo ni moja: Je, mtu asiye na shahada aweza kupata kazi ya halali huko?

Jibu ni kwamba aweza. Nchi hizo huajiri wageni wengi sana kwa kazi za nyumbani, udereva, upishi, ulinzi na ujenzi, na kazi hizo hazidai shahada. Lakini iko karatasi nyingine ambayo hapana budi awe nayo kabla ya kupanda ndege, nayo ni mkataba wa kazi. Asiye na shahada hana aibu yo yote, bali asiye na mkataba yumo hatarini. Twapenda kueleza sababu yake.

Kwenda mbali kwa kazi ya mkataba si jambo jipya katika nchi hii. Zamani za mashamba ya mkonge watu walitoka bara kwa maelfu kuja kukata mkonge, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu aliandikwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuwaandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake. Akimaliza kazi ya siku alitiwa alama, na alama zikitimia thelathini ndipo alipopokea mshahara. Kazi ilikuwa ya taabu, na malalamiko yalikuwa mengi, lakini hata yule asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama zake na kusema, "Hizi ni siku zangu." Mtumishi wa leo afungiwaye ndani ya nyumba ya watu, katika nchi ambayo hajui lugha yake, mara nyingi hana hata kipande hicho.

Yafaa msomaji aelewe desturi iitwayo kafala. Katika nchi nyingi za Ghuba, ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungwa pamoja na mwajiri wake. Mwajiri ndiye mdhamini wake. Mtumishi akiondoka katika nyumba ile bila idhini, hata kama amepigwa au hakulipwa, mwajiri aweza kumshitaki kuwa ni mtoro, naye akakamatwa na kurudishwa kwao. Tena mwajiri huwa amelipa fedha nyingi kwa wakala aliyemletea mtumishi, kwa hiyo hudhani kwamba amemnunua. Mtumishi akitaka kuacha kazi huambiwa, "Lipa kwanza gharama zangu." Atalipa na nini?

Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani katika Omani na Falme za Kiarabu. Shirika hilo lilizungumza na wafanyakazi 50. Karibu wote walisema kwamba walinyang'anywa pasipoti zao. Wengi walieleza kwamba walifanya kazi mchana na usiku, wengine hata saa 21 kwa siku, bila siku ya mapumziko, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule walioahidiwa. Wako waliotia sahihi mkataba hapa nyumbani, na walipofika kule wakapewa mwingine wa mshahara wa chini zaidi. Si kila aendaye hupatwa na hayo. Wako waliokwenda kwa watu wema, wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Lakini mtu hawezi kujua kabla ya safari kama mwajiri wake ni mwema au ni mbaya, na ndiyo maana yampasa ashike karatasi.

Tuseme yuko binti wa Maneromango. Dalali amekuja kwa baba yake na kusema, "Mzee, mtoto wako atapata kazi Omani. Nipe fedha za pasipoti na tiketi, mengine niachie mimi." Baba ameweka rehani mikorosho yake. Binti amepewa visa ya matembezi, akaambiwa kwamba akiulizwa kiwanjani ajibu kuwa anakwenda kumzuru shangazi. Hapo amekwisha kupotea kabla hajaondoka. Serikali ya huko yamjua kuwa ni mtembezi na si mfanyakazi, na hapa kwetu hakuna ofisi iliyo na jina la mwajiri wake. Akipatwa na shida, baba hana la kumwonyesha mtu ye yote isipokuwa namba ya simu ya dalali, nayo haipatikani tena. Binti hana mshahara, na mikorosho imo mikononi mwa mtu mwingine.

Basi, mtu afanyeje? Kwanza, amwulize wakala usajili wake. Kwa Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira, Na. 9 ya 1999, mtu hana ruhusa ya kufanya biashara ya kuwatafutia wengine kazi asipokuwa amesajiliwa. Ofisi ya Serikali ya huduma za ajira yaweza kuulizwa habari za wakala huyo.

Pili, apate pasipoti yake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na mlipaji hupata stakabadhi.

Tatu, asikubali kusafiri kwa visa ya matembezi akiwa anakwenda kufanya kazi.

Nne, asitie sahihi mkataba asioufahamu. Aombe uandikwe kwa Kiswahili pia. Nao utaje jina la mwajiri na mahali anapokaa, aina ya kazi, mshahara kwa mwezi na njia ya kuulipa, saa za kazi, siku ya kupumzika, chakula na malazi, matibabu, muda wa mkataba, na nani atakayelipa nauli ya kurudi. Kisha mkataba huo upelekwe ukaguliwe na Ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo kabla ya safari.

Haya si maneno ya kubuni. Mkataba wa Kimataifa Na. 189 wa 2011, uliotungwa na Shirika la Kazi Duniani, wasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani aajiriwaye nchi nyingine apewe ahadi ya kazi au mkataba kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, tena awe na haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe. Na ule Na. 181 wa 1997 wasema kwamba, kwa kawaida, wakala asimtoze mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Ama sheria za nchi zenyewe hazilingani. Katika Falme za Kiarabu sheria ya 2022 humpa mtumishi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila juma na saa 12 za kupumzika kila siku. Katika Katari sheria ya 2017 huweka saa za kazi zisizozidi 10 kwa siku, na tangu Machi 2021 mshahara wa chini ni riyali 1,000 kwa mwezi. Omani imewaacha watumishi wa nyumbani nje ya sheria yake kuu ya kazi. Kwa hiyo mtu aulize kwanza anakwenda nchi gani, ndipo aulize mshahara ni kiasi gani.

Tena yafaa kijana asiye na shahada asiende mikono mitupu. Fundi uashi, dereva au mpishi mwenye cheti huwa na sauti kuliko asiye na ujuzi uliothibitishwa. Viko vyuo vya VETA, na viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, Kibaha na Kisarawe. Hata fundi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake, bila kukaa darasani, aweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi wake.

Kabla ya kuondoka, msafiri aache nyumbani nakala za pasipoti, visa na mkataba, pamoja na jina la wakala na la mwajiri. Tanzania ina ofisi za ubalozi Maskati, Abu Dhabi, Riyadh, Doha na Kuwait. Jamaa akikaa kimya muda mrefu, wazazi wapeleke nakala hizo Serikalini bila kuona haya. Na ikiwa mtu alichukuliwa kwa hila ili akatumikishwe, hilo ni kosa chini ya sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na polisi waarifiwe.

Wazazi nao wana sehemu yao. Dalali ajapo na maneno matamu, asipewe fedha siku ile ile. Aambiwe alete karatasi, na karatasi hizo zisomwe na mtu ajuaye. Akiwa ni mkweli atazileta, na akiwa ni mwongo hatarudi tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, mtoto wa mtu je?