Kuvunja Ungo Si Kumaliza Kukua

Hebu jikague kidogo. Sare uliyoshonewa ulipoanza Kidato cha Kwanza bado inakutosha? Kama suruali imepanda juu ya vifundo vya miguu, au blauzi inabana kifuani, usimlaumu fundi. Ni wewe unakua.

Leo tuongee kuhusu kukua, na hasa tuongee na wewe uliyeko Mwamkulu, pale Mpanda, ambako neno "amekua" linaweza kubadilisha maisha ya mtu ghafla. Msichana akiota matiti tu, wapo wanaoanza kuulizana atatolewa ng'ombe wangapi. Mvulana akitoka ndevu tatu anaambiwa shule ya nini tena, mwanamume mzima, aende akachunge au akalime mpunga. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ulikuwa mkoa wa kwanza nchini kwa hilo. Kwa Tanzania nzima walikuwa 27, na utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 22. Kwa hiyo kujua mtu anakua vipi, na lini anakuwa amekua kweli, si jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani tu.

Tuanze mwanzo. Ulianza kama chembe moja tumboni mwa mama. Ukazaliwa na kilo kama 3 na urefu wa sentimita kama 50. Halafu ukaja mwaka wa ajabu kuliko yote: ndani ya miezi 12 uzito wako ukawa karibu mara tatu, na urefu ukaongezeka sentimita kama 25. Kama ungeendelea na kasi hiyo, ukifika miaka 16 ungekuwa na mita 4 na nusu, unatazamana uso kwa uso na twiga wa Hifadhi ya Katavi! Bahati nzuri kasi inapungua. Kuanzia miaka mitatu hivi hadi karibu na balehe, mtoto anaongezeka sentimita 5 au 6 tu kwa mwaka. Lakini kichwani kazi inaendelea: ubongo wa mtoto anayeanza darasa la kwanza umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndiyo maana watoto wa umri huo wana vichwa vikubwa kwenye miili midogo. Si ugonjwa.

Sasa tuje kwenye balehe, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage, inaitwa tezi ya pituitari. Wakati ukifika inatuma ujumbe kwenye ovari za msichana na korodani za mvulana. Nazo zinaanza kutengeneza homoni kwa wingi: estrojeni kwa msichana, testosteroni kwa mvulana. Kwa wasichana wengi mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Tazama tofauti hiyo ilivyo kubwa. Darasa moja linaweza kuwa na mtu aliyeanza miaka minne iliyopita na mwingine ambaye hata hajaanza, na wote wawili wazima kabisa.

Daktari Mwingereza James Tanner alifuatilia watoto wa kituo kimoja cha malezi huko Harpenden kuanzia mwaka 1948. Aliwapima na kuwapiga picha mwaka baada ya mwaka (kwa namna ambayo leo isingekubalika, picha za watoto bila nguo!). Alichokiona bado kinatumika hospitalini: balehe ina hatua tano. Karibu kila mtu anazipita kwa mpangilio, ila kila mmoja kwa mwendo wake. Kwa msichana kawaida matiti ndiyo yanatangulia, kisha anarefuka haraka, na hedhi inakuja baadaye, mara nyingi miaka miwili hivi tangu matiti yaanze. Kwa mvulana korodani ndizo zinaanza kukua, halafu uume. Kurefuka kwa kasi na sauti kukwaruza huja nyuma. Ndiyo maana Kidato cha Kwanza wasichana wanawapita wavulana kimo, halafu mambo yanageuka. Mikono na miguu nayo hutangulia mwili, kwa hiyo ukijikuta unajikwaa na kuangusha vikombe, vumilia kidogo.

Ukiweka sanduku la maswali shuleni, yapo ambayo hayakosekani. Wavulana: "Nimeota matiti, je nageuka msichana?" Hapana, kaka. Karibu nusu ya wavulana hupata uvimbe kidogo kwenye chuchu wakati wa balehe kwa sababu ya homoni kuyumba. Mara nyingi unaisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Ndoto nyevu nazo si ugonjwa wala si laana. Wasichana: "Mbona mwezi huu sijaona siku zangu na sijafanya chochote?" Miaka ya mwanzo hedhi inarukaruka, na siku 21 hadi 45 kati ya hedhi moja na nyingine ni kawaida. Lakini ukifika miaka 15 hujaiona kabisa, au ukifika 13 bila dalili yoyote ya matiti, nenda zahanati wakuangalie. Mvulana naye aende akifika 14 bila dalili.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Hedhi ya kwanza haina maana mwili umemaliza. Wewe mtoto wa mkulima unajua mpunga unapobeba mimba bado haujatoa hata masuke, na hakuna anayechukua mundu siku hiyo. Msichana aliyevunja ungo bado ataongezeka sentimita kadhaa, na mifupa ya nyonga inaendelea kupanuka kwa miaka baada ya hapo. Akibeba mimba mapema mtoto anaweza kukwama njiani wakati wa kujifungua. Uchungu wa siku mbili tatu bila msaada unaweza kuacha fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au kinyesi kivuje bila kuzuilika. Inatibika, CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza wanafanya upasuaji huo, lakini ni mbali sana na Mwamkulu. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wazazi wa umri mdogo.

Na ubongo je? Sehemu ya mbele, ile ya kupima matokeo na kusema "ngoja kwanza", inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kaka mwenye ndevu naye bado.

Sheria inasemaje? Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Na wewe dada uliyeshazaa, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida. Mtoto wako si sababu ya mwalimu kukufungia geti.

Kama nyumbani mambo ya posa yameanza kusikika na wewe hutaki, mwambie mapema mtu mzima unayemwamini: shangazi, mwalimu wa malezi, au ofisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Hailipiwi, hata kama simu uliyoazima haina salio.