SUV ya Kifahari ya Mkononi: Lipi Kweli, Lipi Uongo

BMW X3, Audi Q5, Mercedes GLK, Volvo XC60, Lexus RX: magari ambayo zamani uliyaona kwa mabosi tu, leo yamejipanga kwenye yadi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yakingoja mmiliki wa pili au wa tatu. Bei zake zinavutia. Pamoja na bei huja maneno ya vijiweni, ya madalali na hata ya baadhi ya mafundi, na mengi kati ya hayo humtoa mnunuzi fedha ambazo hakuzipangia. Tuyachambue.

“Gari likishuka bei, matunzo nayo hushuka.”

Si kweli, na huu ndio uongo unaoumiza kuliko yote. Kinachoshuka ni thamani ya gari sokoni. Bei ya kipuri haiangalii gari lina miaka mingapi. Aliyelinunua jipya alilitumia katika miaka ambayo halikudai mengi. Wewe unalipokea wakati vitu vyote vya mpira na plastiki vinachoka kwa mpigo: bushi, mipira inayoshikilia injini, mabomba ya maji, pampu ya maji, mpira unaozuia oili kwenye kifuniko cha juu cha injini. Anayeniomba ushauri humwambia atenge si chini ya asilimia 15 ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza peke yake, na fedha hiyo isiguswe kwa kazi nyingine. Kama baada ya kununua hutabaki na akiba hiyo, chukua gari la daraja la chini kidogo lililotunzwa. Utaishi nalo kwa amani.

“Kilomita chache ndiyo dalili ya gari zima.”

Si kweli. Namba ya kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa kifaa kidogo, tena kwa muda mfupi. Na hata ikiwa ya kweli, gari lililosimama miaka mingi mpira wake hukauka, na lile la safari fupi za mjini injini yake haipati nafasi ya kupata moto vizuri.

Kinachosema ukweli ni karatasi. Kwa gari la Japani lililopita mnadani, dai karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R humaanisha limewahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A1 ni mkwaruzo mdogo, U2 ni mbonyeo, W ni sehemu iliyorekebishwa na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwa gari la Uingereza kazi ni rahisi zaidi: ukiwa na namba yake ya usajili ya kule, tovuti ya serikali inakuonyesha bure matokeo ya ukaguzi wake wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa kila mara. Maili zikipanda hadi 90,000 kisha mwaka unaofuata zikawa 60,000, huna haja ya kuuliza zaidi.

Halafu tumia macho. Gari lenye kilomita 60,000 haliwezi kuwa na mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani unaong’aa kama uliopakwa mafuta, na kiti cha dereva kilichobonyea upande mmoja.

“Gari la Ulaya ni chuma, halishiki kutu.”

Si kweli. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chasisi, mabomba ya breki na vifungo vya chini. Magari ya kaskazini mwa Japani, kwenye theluji, nayo yana kasoro hiyo. Rangi ya juu inaweza kuwa kioo, kumbe chini kumeoza. Lipandishe juu, uchungulie kwa tochi.

“Harrier na Lexus RX ni gari moja.”

Kweli, ila kwa vizazi viwili tu: kile cha 1997 na kile cha 2003. Kuanzia 2013 Harrier ni gari lake, na RX ni lake. Kwa vizazi vile vya kwanza uliza pia injini: ya lita 3.0 hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa, ya lita 2.4 hutumia cheni. Na usidhani kila Harrier huvuta magurudumu manne. Nyingi huvuta ya mbele tu. Inama nyuma ya gari. Usipoona difu na propela, umepata jibu.

“Cheni ya taimingi haibadilishwi milele.”

Si kweli. Injini ya dizeli ya BMW aina ya N47, iliyofungwa kwenye X3, ilijulikana kwa cheni zilizolegea na hata kukatika, na ubaya wake cheni hiyo iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Kuifikia tu ni kazi kubwa. Ya petroli ya N20, kwenye X3 za mwaka 2012 na miaka iliyofuata, ilikuwa na reli za plastiki za cheni zilizovunjika. Kwa hiyo fika asubuhi, mwenye gari akiwa hajaliwasha. Gusa boneti, iwe baridi. Liwashe, usikilize. Mkwaruzo au mlio wa cheni sekunde za mwanzo si wa kupuuzwa, hata dalali akikwambia “likipata moto linaacha”.

“Oili ya giaboksi ni ya maisha yote.”

Si kweli. Hata ZF, wanaotengeneza giaboksi ya gia 8 iliyomo kwenye BMW nyingi, wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa foleni na joto letu, usisubiri namba ya juu.

“Nchi yetu ni ya joto, toa themostati.”

Si kweli, na ningependa fundi anayesema hivi aache leo. Injini ya kisasa imepangiwa joto lake. Ukitoa themostati inabaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, ulaji unapanda na taa ya injini inawaka. Maji ya bomba badala ya kulanti nayo hula alumini na kuziba rejeta polepole. Gari likichemka, tafuta sababu.

“Dizeli ndiyo nafuu.”

Inategemea unakoendesha. Kichujio cha masizi kinahitaji safari ndefu ya mwendo wa kutosha ili kijichome masizi yake. Kwenye foleni ya kila siku kinaziba. Isitoshe, kwa kiwango kilichoanza 2015, dizeli ya Afrika Mashariki iliruhusiwa kiberiti hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati magari ya Ulaya ya miaka ya karibuni yalitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10. Kwa msafiri wa Dar hadi Dodoma, dizeli inafaa. Kwa wa Mbezi hadi Posta, chukua petroli.

“Tairi mbili mpya zinatosha.”

Kwa gari linalovuta magurudumu manne muda wote, si kweli. Tairi zikipishana sana kipenyo, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi kiungue. Nunua nne za aina moja.

“Bila wakala rasmi gari hili halitengenezeki.”

Si kweli. Shokapu za Sachs na vifaa vingi vya Bosch ndivyo hivyo vinavyofungwa kiwandani, na hupatikana bila nembo ya gari kwa bei ya chini. Unachohitaji ni fundi anayeijua aina hiyo na mwenye mashine yake. Kwenye BMW nyingi hata betri mpya husajiliwa kwenye kompyuta. Mtafute fundi huyo kabla ya kutafuta gari, mwende naye kulitazama. Mwambie asome hitilafu zote, na aangalie kama zimefutwa asubuhi hiyohiyo, maana zikifutwa, mashine huonyesha vipimo vya ndani ambavyo havijakamilika. Mwenyewe washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima. Na muuzaji akikataa gari lake lisipimwe, usilipe hata senti ya kulishikilia.