Kiingereza kama Sharti la Viza ya Masomo: Mfano wa Mwanafunzi wa Uluguru

Mtoto azaliwaye Mgeta au Matombo, katika Milima ya Uluguru, kwa kawaida hulelewa kwa Kiluguru. Aingiapo shule ya msingi ya serikali, Kiswahili huwa lugha ya kufundishia, na Kiingereza huwa somo tu. Afikapo kidato cha kwanza, lugha hubadilika tena: hisabati, jiografia na biolojia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Akihitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mjini Morogoro mwaka 1984, atakuwa amesomeshwa kwa Kiingereza kwa miaka isiyopungua tisa. Hata hivyo, aombapo viza ya kusoma Uingereza, hutakiwa athibitishe kwamba anakimudu Kiingereza.

Sharti hili huendeshwa kwa orodha na kwa ngazi. Serikali ya Uingereza imeorodhesha nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho huo, zikiwemo Jamaika, Kanada na Australia. Tanzania haimo, wala Kenya na Uganda hazimo. Mwombaji wa shahada hutakiwa afikie ngazi ya B2 ya mizani ya Ulaya, yaani aweze kufuata hoja nzito na kuziandika kwa ufasaha; masomo yaliyo chini ya shahada hudai B1. Kwa masomo ya shahada, chuo kinachompokea chaweza kumpima mwombaji kwa utaratibu wake chenyewe. Kwa yale ya chini, mara nyingi mtihani ulioidhinishwa haukwepeki. Kwa hiyo ni busara mwombaji aulize chuo kwanza, kabla ya kulipa ada ya mtihani. Aidha, matokeo ya mtihani wa IELTS hutambuliwa kwa miaka miwili tu. Anayesubiri ufadhili kwa muda mrefu aweza kujikuta akilipa mara ya pili.

Je, miaka tisa haitoshi? Hapa yafaa kutofautisha kufundishwa kwa lugha na kufundishwa lugha. Mwaka 1984 wachunguzi wawili Waingereza, Criper na Dodd, walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kuwapatia maarifa. Miaka miwili kabla, Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwanafunzi asiyeelewa hukariri, na aliyezoea kukariri hukwama pale mtihani unapomtaka ajieleze kwa maneno yake.

Historia yaonyesha pia njia nyingine. Watanzania waliokwenda kusoma katika Muungano wa Kisovieti kwa kawaida walianza kwa mwaka wa maandalizi, wakifundishwa Kirusi hukohuko. Lugha haikuwa kizingiti cha kuvukwa kabla ya safari, bali ilikuwa sehemu ya masomo yenyewe.

Kutokana na hayo, hofu ya wazazi wengi kwamba Kiswahili kikifundishia sekondari watoto wao watafungiwa milango ya ng'ambo haina msingi imara. Viza haiulizi fizikia ilifundishwa kwa lugha gani. Huuliza kama mwombaji anasoma, anaandika, anasikiliza na kuzungumza Kiingereza. Stadi hizo nne hujengwa na mwalimu wa Kiingereza aliyeandaliwa vizuri, mwenye vitabu na muda wa kutosha darasani, iwe Morogoro mjini au juu milimani.