Mkono Upigao na Mkono Uangushao

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Methali hiyo twaitumia kila siku katika mikutano na katika kazi, lakini ni wachache wanaoikumbuka waingiapo katika uwanja wa michezo. Huko twawaona vijana waliogawanyika makundi mawili. Wa kwanza hujifunza ngumi na mateke, nao humdharau mcheza mieleka wakisema kwamba yeye ni mtu wa kukumbatiana tu. Wa pili hujifunza kukamata na kubwaga, nao humcheka mpiga ngumi wakisema kwamba akishikwa kiunoni amekwisha. Kila kundi lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mwalimu mbaya. Leo twapenda kueleza jinsi Wachina, ambao wameyafikiri mambo haya kwa karne nyingi, walivyovitenga vitu hivi viwili na jinsi walivyoviunganisha tena. Na kwa nini sisi twaona kwamba mafunzo yanayovitenga humdhuru mwanafunzi.

Yatupasa kwanza kuondoa wazo moja lililoenea. Watu wetu wengi waliijua michezo ya Kichina kwa njia ya sinema, na katika sinema mtu mmoja huwapiga kumi kwa mateke ya hewani, wala hapana hata mmoja amshikaye mguu. Hayo ni maonyesho. Katika mapigano ya kweli, na hata katika mashindano yenye mwamuzi, teke lililorushwa juu bila hesabu ni zawadi kwa mshindani, maana lamwacha mwenye kulirusha akisimama kwa mguu mmoja. Wachina wenyewe walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana waliyagawa maarifa ya kupigana katika mafungu manne: kupiga kwa mguu, kupiga kwa mkono, kuangusha, na kukamata viungo. Mafungu ni manne, lakini mwili ni mmoja.

Katika karne ya 16 aliishi jemadari aliyeitwa Qi Jiguang, aliyezaliwa mwaka 1528 na kufa mwaka 1588. Alipewa kazi ya kuilinda pwani ya jimbo la Zhejiang dhidi ya maharamia waliokuwa wakiteka nyara miji na vijiji. Hakuridhika na askari aliowakuta. Mwaka 1559 alikwenda Yiwu akaandikisha jeshi jipya la wakulima na wachimba madini, watu waliozoea jasho, akawafundisha mpaka wakawa askari wa kuogopwa. Maarifa yake aliyaandika katika kitabu kiitwacho Jixiao Xinshu, na sura moja ya kitabu hicho yahusu mapigano ya mikono mitupu. Jemadari huyu hakumdanganya mtu. Alikiri kwamba mikono mitupu haina faida kubwa katika vita vya majeshi, bali huzoeza mikono na miguu na kumwandaa askari mpya kushika silaha.

Alichagua mikao 32 kutoka katika mitindo mbalimbali. Akawataja na mabingwa wa siku zake: huyu alisifiwa kwa miguu yake, huyu kwa kukamata, huyu kwa kuangusha, huyu kwa kupiga. Wala hakuishia katika kuwasifu. Alisikitika kwamba kila mmoja wao alikuwa na sehemu moja tu, akijua ya juu asijue ya chini. Yeye alitaka mpiganaji awe kama yule nyoka wa masimulizi ya Kichina, ambaye akipigwa kichwani mkia huja kusaidia, na akipigwa mkiani kichwa huja. Twaona basi kwamba jambo tunalolisema leo si jipya. Lilisemwa miaka zaidi ya 450 iliyopita, na mtu aliyekuwa na maisha ya watu mikononi mwake.

Lakini wanadamu hupenda kugawanyika. Mwaka 1928 ilianzishwa mjini Nanjing Taasisi Kuu ya Guoshu, yaani ya Sanaa ya Taifa, chini ya Jenerali Zhang Zhijiang. Kusudi lake lilikuwa jema: kuwakusanya walimu wa mitindo yote chini ya paa moja. Hata hivyo mwanzoni iligawanywa milango miwili, mmoja wa mitindo ya Shaolin na mmoja wa mitindo ya Wudang, na haukupita muda walimu wa pande hizo wakagombana. Ikabidi mgawanyo huo ufutwe na kazi ipangwe upya. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Oktoba, Taasisi ilifanya mtihani wa kitaifa ambamo watu wa mitindo tofauti walipambana, na mwaka 1929 yakafuata mashindano ya jukwaani mjini Hangzhou. Mtu aliyejivunia mtindo wake nyumbani alilazimika kuonyesha ufaao wake mbele ya mtu asiyeuheshimu hata kidogo.

Baada ya mwaka 1949 ulikuja mgawanyo wa namna nyingine. Mwaka 1953 yalifanyika mjini Tianjin maonyesho makubwa na mashindano ya michezo ya asili ya taifa. Kadiri miaka ilivyopita, mieleka ya Kichina, iitwayo shuai jiao, ikaendelea kuwa mchezo wa mashindano wenye sheria zake na mavazi yake. Ngumi na mateke, kwa upande mwingine, yakawa zaidi ni maonyesho: kijana hutenda mfululizo wa mapigo hewani, na waamuzi humpa alama kwa uzuri na usahihi wake. Hatuyadharau maonyesho hayo, maana yahitaji mwili hodari na kazi ya miaka mingi. Lakini kwa muda wa robo ya karne ngumi ilikaa nyumba moja na mwereka nyumba nyingine, na mtoto wa nyumba hii hakumjua jirani yake.

Mwaka 1979 wakuu wa michezo wa China walianza kujaribu mapambano ya wazi yenye sheria, ambayo huitwa sanda, au sanshou. Humo ngumi, teke na mwereka vyaruhusiwa pamoja. Mwaka 1991 mashindano ya kwanza ya dunia ya wushu yalifanyika Beijing, na mapambano hayo yakawamo. Mwaka 1998 yakaingia katika Michezo ya Asia huko Bangkok. Wapiganaji hupanda jukwaa la mita 8 kwa mita 8, lililoinuliwa sentimita 80 kutoka chini. Raundi ni ya dakika mbili, na ashindaye raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Katika sheria zilizotumika kwa miaka mingi, ngumi ipatayo mwili au kichwa ilipewa alama moja, na kumwangusha mwenzako huku wewe umebaki wima kulipewa alama mbili. Asomaye sheria hizo huelewa mara moja kwamba asiyejua kuangusha aacha nusu ya mali yake njiani.

Sasa tutazame jinsi vitu hivi vinavyosaidiana. Si rahisi kumwangusha mtu aliyesimama imara. Mwereka wo wote hutegemea kuuiba uzito wa mshindani, yaani kumkuta wakati uzito wake umehama naye hajaurudisha. Mcheza mieleka huuhamisha kwa kuvuta na kusukuma. Mwenye ngumi anacho chombo kingine. Ngumi ielekeayo usoni humfanya mtu ainue mikono na kukirudisha kichwa nyuma, na uzito wake huenda visiginoni. Si lazima ngumi hiyo impate. Imekwisha kufanya kazi yake. Hapo kiuno ki wazi na miguu imekufa ganzi. Aingiaye chini wakati huo, akayakumbatia mapaja yote mawili na kusukuma kwa bega, humkuta mtu mwepesi kama gunia tupu.

Mfano wa pili ni wa teke. Mshindani arushapo teke la mbavuni, mwenye ujuzi hulipokea kwa mkono na ubavu, huukumbatia mguu, hupiga hatua moja ndani, kisha humpiga mtama mguu uliobaki. Pigo hili huonekana sana katika sanda, na athari yake ni kubwa kuliko alama zake. Maana tangu saa ile mpiga mateke aujua ukweli: mguu wake waweza kukamatwa. Harushi tena teke peke yake, bali hulificha nyuma ya ngumi na kuurudisha mguu upesi. Na yule mcheza mieleka asiyejua ngumi? Yeye huingia ameinamisha kichwa, bila kufunika uso, akakutana na konde njiani. Mwereka humfundisha mpiga ngumi kusimama, na ngumi humfundisha mcheza mieleka kuingia.

Liko jambo la vifaa pia, na wafanyakazi watalielewa upesi. Katika shuai jiao wachezaji huvaa koti fupi la kitambaa kizito lenye mshipi, na ufundi mwingi ni wa vidole: kushika ukosi, mkono wa koti, mshipi. Katika sanda hakuna koti, na mikono imo ndani ya glovu. Vidole havina kazi. Mtu hukumbatia shingo, kiuno, au miguu kwa mkono mzima, tena kwa haraka, kwani wakishikana bila kuangushana mwamuzi huwatenga. Bingwa wa koti aingiaye humo bila kujifunza upya ni kama fundi aliyenyang'anywa patasi. Ujuzi anao, lakini hana budi kuutafutia mpini mwingine.

Kosa kubwa tulionalo katika mafunzo ni hili: Jumatatu ngumi, Jumatano mieleka, na hapana siku hata moja ya kuviunga. Mwaka ukiisha mwanafunzi anavyo vitu viwili visivyojuana. Hupiga ngumi mbili, husimama, hufikiri, ndipo hukamata. Na katika kusimama huko amekwisha kupigwa. Seremala ajua kwamba meza haianzi kuharibika katikati ya ubao, bali hulegea katika kiungo. Kwa hiyo kiungo ndicho cha kufanyiwa kazi. Mwenzako avae kinga za kupigwa mikononi. Wewe piga ngumi tatu, na ya tatu isirudi, bali ipite shingoni na kuwa mkono wa kukamata. Kisha mmoja apige ngumi tu na mwingine aangushe tu, halafu wabadilishane. Mwisho wote wawili wawe huru, kwa nguvu ndogo kwanza. Zoezi la namna hii, likirudiwa kila siku kwa dakika chache, lafaa kuliko saa nzima ya kila kitu peke yake.

Wako watakaosema kwamba mchanganyiko huharibu, na kwamba ajifunzaye mambo mawili hulijua kila moja nusu. Neno hilo lina uzito, wala hatulitupi. Ni kweli kwamba ngumi mbaya ikiungwa na mwereka mbaya huzaa ubaya maradufu, na ni kweli kwamba kila kipande chahitaji kufundishwa na mtu akijuaye. Lakini kujifunza kitu peke yake ni hatua, si mwisho wa safari. Mtoto hufundishwa herufi moja moja ili asome neno, wala hapana mwalimu anayemwacha katika herufi mpaka azeeke.

Sasa twafika katika jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko ushindi wo wote, nalo ni usalama wa wanafunzi. Aangushwaye katika mieleka mitupu huanguka akiwa na akili zake. Aangushwaye baada ya pigo huenda anaanguka akiwa amezubaa, na kisogo chake ndicho kitakachotangulia chini. Mkono autoao kujizuia waweza kuvunjika kifundo. Kwa mfanyakazi kifundo kilichovunjika si hadithi ya michezo. Ni siku nyingi bila kazi, na kwa kibarua ni siku nyingi bila chakula nyumbani. Kwa sababu hiyo twasema wazi: asiyejua kuanguka asiangushwe. Somo la kwanza liwe kukiinamisha kidevu kifuani, kuviringika, na kuipokea ardhi kwa mkono mzima na mgongo, si kwa kiganja kilichonyooshwa. Magodoro yapatikane kabla ya glovu. Na aangushaye aendelee kumshika mwenzake mpaka afike chini, maana huyo si adui yake, ni mwalimu wake wa kesho.

Mwalimu awarukishaye vijana hatua hizi ili apate sifa katika mashindano ya mwezi ujao hawajengi, awatumia. Viongozi wa vikundi vya vijana na wa matawi ya wafanyakazi wana haki ya kumwuliza maswali matatu kabla ya kumkabidhi watu wao: Wanafunzi wako wamejifunza kuanguka kwa muda gani? Wanaanguka juu ya nini? Na ni nani asimamaye karibu kuyakomesha mapambano? Asiyeweza kujibu asipewe vijana wetu, hata kama ukuta wake umejaa picha na vikombe.

Walimu wa Nanjing waligombana juu ya milango miwili katika nyumba moja, na nyumba haikutengenea mpaka milango ilipofutwa. Nasi tusirudie ugomvi huo katika viwanja vyetu. Mpiga ngumi amwendee mcheza mieleka akamwambie, "Ndugu yangu, niangushe unifundishe." Mcheza mieleka naye amwombe mwenzake ampige polepole mpaka uso wake ujue kujifunika. Nguvu ya mkono mmoja twaifahamu. Tuanze sasa kuuzoeza wa pili.