INJINI IKIFA: KUTENGENEZA AU KUUZA?

Askari anunuaye gari kwa mkopo wa chama cha akiba, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi wa Uganda au Exodus kwa polisi wake, hubaki akilipa deni mwezi baada ya mwezi. Injini ikifa kabla ya deni kwisha, makato hayasimami. Mshahara hupungua, karo ya watoto husubiri, na gari limelala. Hapo kila mtu huja na shauri lake: huyu asema liuzwe upesi, yule asema litiwe injini nyingine. Sisi twaona ya kuwa swali hili halijibiwi kwa hasira wala kwa huruma, bali kwa hesabu. Na hesabu haiwezekani kabla ya kuujua ugonjwa.

Ugonjwa Ujulikane Kwanza

Maneno "injini imekufa" yana maana nyingi. Gari likipanda milima ya Kabale huku rejeta inavuja, maji hupungua, joto huzidi, na gasketi iliyo kati ya bloku na kichwa cha injini huungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto, maji yapunguayo bila kuonekana yavujiapo, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika: kichwa husawazishwa na mchonga vyuma, ikatiwa gasketi mpya. Lakini dereva akiendelea na safari ilhali mshale wa joto umefika juu, huenda kichwa kikapinda au kikapasuka, na gharama ikaongezeka maradufu.

Injini iliyokauka oili na kugonga kama nyundo ni jambo jingine kabisa. Bearingi zimesagika, na huenda krenki imekwanguka. Hapo injini yote hufunguliwa. Mkanda wa taimingi nao ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Kwa hiyo mwenye gari amtake fundi, ikiwa injini bado yazunguka, apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufungua chochote. Injini ya petroli yenye afya kwa kawaida huonyesha kadiri ya paundi 150 hadi 190 kwa inchi ya mraba, na silinda zake hazipishani sana. Silinda ikiwa dhaifu, hutiwa kijiko cha oili kisha ikapimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, kosa li katika valvu au gasketi. Kazi hii ni ndogo, nayo humwepusha mtu kulipia injini nzima kwa ugonjwa wa gasketi.

Hesabu ya Namba Tatu

Namba ya kwanza ni bei ya gari hilo sokoni likiwa zima. Ya pili ni bei yake lilivyo sasa, bovu. Ya tatu ni gharama ya matengenezo, nayo iongezwe akiba ya robo hivi, kwa maana injini ikifunguliwa haikosi kufichua jipya. Ondoa ya tatu katika ya kwanza. Ikiwa kilichobaki chazidi namba ya pili, tengeneza, kikipungua, uza.

Tuchukue mfano. Gari zima lingepata shilingi milioni 14. Bovu lapata milioni 7. Matengenezo pamoja na akiba ni milioni 5. Kinachobaki ni milioni 9, basi kutengeneza kuna faida. Lakini ikiwa giaboksi nayo yateleza na bodi imeliwa na kutu, matengenezo yakafika milioni 8, kinachobaki ni milioni 6 tu. Hapo kuuza ndiko busara. Fedha zilizokwisha kutumika mwaka jana kwa matairi na rangi zisiingizwe katika hesabu. Hizo zimekwenda, wala hazirudi kwa kuongezewa nyingine.

Kuna jambo ambalo raia halimsumbui sana, nalo ni uhamisho. Askari aliyepangiwa kwenda Somalia, ambako jeshi la Uganda liliingia mwaka 2007, asiiache injini imefunguliwa gereji. Gari lisilo na msimamizi hupoteza betri leo, na kesho rejeta. Kama hakuna ndugu mwaminifu wa kulitazama, heri bei ndogo iliyo mkononi.

Injini ya Mkono wa Pili

Wengi huchagua injini iliyokwisha kutumika, itokayo Japani na kuuzwa katika maduka ya vipuri kama yale ya Kisekka mjini Kampala. Njia hii yaweza kuwa nafuu kuliko kuisuka upya ile ya zamani. Hata hivyo mnunuzi adai risiti yenye nambari ya injini na muda wa dhamana kwa maandishi, na mabadiliko hayo yaarifiwe mamlaka ya usajili. Polisi ajua vema maana ya nambari isiyolingana na kitabu cha gari. Isiwe aibu kwake kukutwa na kosa analowakamatia wengine.

Anayeamua kuuza naye aseme kweli. Kutia oili nzito ili mlio unyamaze siku moja, kisha kumuuzia mwenzako wa kambi moja, ni kumtwisha deni lako yeye na watoto wake. Ubovu uandikwe katika hati ya mauzo, na pande zote mbili zitie sahihi. Bei itapungua kidogo, lakini utaweza kusimama naye katika gwaride moja bila kuinamisha uso.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji na oili vitazamwe kila asubuhi kabla ya ufunguo kuzungushwa. Ni kazi ya dakika mbili, na askari aliyezoea kukagua silaha yake hawezi kushindwa kukagua gari lake.