Gravity na Mwinamo Uliosahauliwa

Filamu ya Gravity, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón mwaka 2013, ilistahili tuzo zake 7 za Oscar. Hofu inayoibeba, ya mabaki ya setilaiti kugonga setilaiti nyingine na kuzaa mabaki zaidi, si ya kubuni. Donald Kessler wa NASA aliieleza tangu mwaka 1978, na Februari 2009 setilaiti ya Marekani iligongana na ya Urusi iliyokwisha kufa, juu ya Siberia. Kwa kuwa filamu imejitahidi hivyo, pengo lake kubwa linauma zaidi.

Wanaanga wa filamu hiyo, Stone na Kowalski, wanaitengeneza darubini ya Hubble chombo chao kinaposambaratishwa. Kowalski anamfunga mwenzake kwa kamba, anatumia mtambo wa kusukuma alioubeba mgongoni, na safari ya kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga inaanza. Watazamaji wengi huhoji umbali na kimo, maana Hubble ilikuwa kilomita 550 hivi juu ya dunia na kituo 400 hivi. Lakini kikwazo chenyewe ni mwinamo.

Kila setilaiti huzunguka katika obiti iliyoinama kiasi fulani kutoka ikweta, na mahali roketi inaporushwa huamua mengi. Hubble ilirushwa Florida mwaka 1990. Mwinamo wake ni nyuzi 28.5, sawa na latitudo ya huko. Kituo kiko nyuzi 51.6, ili roketi za Urusi zinazoruka Baikonur, kaskazini zaidi, zikifikie. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilizunguka kwa nyuzi 3 tu.

Kati ya Hubble na kituo, basi, kuna tofauti ya nyuzi 23. Dereva wa bodaboda hukata kona kwa sababu tairi linashika barabara. Angani hakuna cha kushika. Anayekwenda kilomita 7.6 kwa sekunde akitaka kugeuka nyuzi 23 lazima ajisukume kwa fueli mpaka apate badiliko la mwendo la kilomita 3 hivi kwa sekunde. Mtambo wa mgongoni ambao NASA iliutumia kweli mwaka 1984 uliweza mita 24 hivi kwa sekunde. Umepungukiwa zaidi ya mara 100.

Baadaye Kowalski anajifungua kamba ili kumwokoa Stone, na papo hapo anavutwa kwenda mbali. Anavutwa na nini? Picha inaonyesha wameshasimama; mvuto mdogo wa kamba ungetosha kumrudisha. Kosa hilo ningelisamehe, kwa kuwa linabeba huzuni ya hadithi. La mwinamo silisamehe, maana limeficha kisa cha kweli kizito kuliko filamu.

Chombo cha Columbia kilipovunjika Februari 2003 na kuua wanaanga 7, NASA ilitaka wafanyakazi wa kila safari wawe na mahali pa kukimbilia. Waliokwenda kituoni wangebaki humo wakisubiri msaada. Waliokwenda Hubble, wakitengwa na kituo kwa mwinamo huo, hawakuwa na pa kwenda, na Januari 2004 safari ya mwisho ya kuitengeneza ilifutwa. Iliporejeshwa na chombo cha Atlantis kuruka Mei 2009, chombo cha pili, Endeavour, kilikuwa tayari kwenye jukwaa la kurushia, kikingoja kwenda kuwaokoa ikibidi.

Mwalimu wa fizikia mwenye projekta, waonyeshe wanafunzi wako kipande kile cha kutoka Hubble hadi kituoni. Kisha wape namba tatu: kilomita 7.6 kwa sekunde, nyuzi 23, na mita 24 kwa sekunde. Waache wapige hesabu wenyewe.