Kamera ya Video Chini ya Hema la Sigalagala

Kamera nyingi ndogo za video zinazozunguka kwenye harusi, mazishi na mahafali ya magharibi mwa Kenya huishi maisha yao yote kwenye otomatiki. Mwenyewe huifungua menyu siku ya kwanza ili kuweka tarehe na saa, kisha haifungui tena. Wala si uvivu peke yake. Menyu imejaa vipengele vyenye majina matamu, vyote vimepangwa sawasawa, na hakuna panapomwonyesha mtu kipi ni cha kufa na kupona na kipi ni cha urembo tu.

Mimi hutumia swali moja kuvipima: hiki nikikikosea leo, nitaweza kukitengeneza kesho kwenye kompyuta? Kamera ya bei ya kawaida haihifadhi kila kilichopita kwenye lenzi. Mwangaza huugawa katika ngazi zisizozidi 256, na rangi huibana zaidi: kati ya nukta nne za picha zilizo jirani, kila moja hubaki na mwangaza wake, lakini rangi huwekwa ya pamoja, moja kwa zote nne. Baada ya hapo faili nzima husindikwa tena ili ienee kwenye kadi. Kilichotupwa hapo hakirudi, hata mhariri awe fundi wa namna gani.

Tuseme shughuli yako iko Sigalagala, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, kabla hujafika Khayega. Huenda ni mahafali ya chuo cha kitaifa cha ufundi kilichopo hapo, au ni harusi nyumbani kwa watu. Vyovyote vile utakuta mahema, uwanja wa nyasi na jua. Mahali hapa pako kaskazini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Machi na Septemba jua hupita karibu wima juu ya kichwa. Tena halifiki utosini saa sita kamili. Saa za Kenya zimefungwa kwenye longitudo ya 45, iliyo mashariki kabisa ya mpaka wa nchi, kwa hiyo huku Kakamega kivuli huwa kifupi kupita vyote mnamo saa saba kasorobo. Huo ndio wakati ambao hotuba zimekolea. Aliye uwanjani macho yake yamezama kwenye vivuli vya paji la uso, na aliye chini ya hema amekaa gizani huku nyuma yake nyasi zinang'aa.

Hapo ndipo otomatiki inapoaibika. Kamera hutazama picha nzima, ikakadiria wastani, ikautaka wastani huo uwe wa kijivu. Uwanja mkali ukiwa umejaza nusu ya picha, kamera hufunga lenzi ili uwanja upendeze, na mchungaji aliyesimama chini ya hema anageuka kivuli kinachosema.

Kamera nyingi hutoa njia tatu za kutoka kwenye shida hiyo, na inafaa kuzilinganisha ukiwa umesimama palepale. Ya kwanza ni kitufe cha taa ya nyuma, ambacho huinua mwangaza wa kila kitu kwa pamoja. Uso unaonekana, uwanja unageuka maziwa. Ya pili ni kugusa uso wenyewe kwenye kioo, kamera ipime hapo tu. Ya tatu ni kuweka mwangaza kwa mkono na kuuacha hivyo. Kwangu ya pili ikifuatwa na ya tatu ndiyo dawa: gusa uso, ukiridhika funga mwangaza usihame tena. Usipoufunga, kwaya yenye majoho meupe ikipita mbele, kamera itashtuka, uso wa msemaji utazama, kwaya ikishapita utaibuka tena polepole. Mhariri hawezi kulificha hilo bila kukata.

Kamera yako ikiwa na michirizi ya pundamilia, itumie. Ni mistari inayocheza kwenye kioo juu ya sehemu zilizofika kiwango fulani cha mwangaza, wala hairekodiwi. Kwa kawaida kuna pundamilia wa asilimia 70 na wa 100. Huyu wa 100 hukuonyesha palipoungua, yaani shati jeupe lililopoteza mikunjo yake yote. Yule wa 70 ana historia. Mafundi wa televisheni za Magharibi walimzoea kwa sababu ndipo paji la uso la mtu mweupe linapokaa vizuri. Uso wa Mluhya ukiusukuma hadi 70 utakuwa umemchubua. Nyuso nyingi za kwetu hukaa vyema kati ya 45 na 55, mng'ao wa jasho ukigusa juu kidogo. Ni urithi wa kale: kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley, na hadi leo mazoea mengi ya studio yana harufu ya kadi hiyo.

Kinyume chake utakutana nacho ukienda kwenye mapigano ya mafahali, yale ya asubuhi na mapema huko Khayega, Malinya au Shinyalu. Mwanga ni hafifu na fahali mweusi amejaza picha. Otomatiki inadhani kuna giza, inaongeza gaini, yaani ukuzaji wa ishara ya kihisio, na fahali anakuwa wa kijivu aliyejaa chembechembe kama aliyemwagiwa majivu. Kila desibeli 6 za gaini huzidisha ishara mara mbili, kwa hiyo desibeli 18 ni mara nane, na uchafu wa kihisio huzidishwa pamoja nayo. Kama menyu inakuruhusu kuiwekea gaini mpaka, iwekee. Fahali mweusi na abaki mweusi, ng'ombe mwenyewe ndivyo alivyo.

Rangi ndiyo ya pili kwa hatari. Jua la wazi lina joto la rangi la Kelvini 5600 hivi, balbu ya zamani ya waya 2800 hivi, na kamera ina alama ya jua na alama ya balbu kwa ajili hiyo. Lakini hakuna kiwanda kilichoweka alama ya hema la buluu. Mwanga ukipita kwenye turubai la buluu, kila aliye chini yake anakuwa mgonjwa, na otomatiki, ikiona pia kipande cha uwanja wenye jua, inayumba kati ya hema na uwanja. Udongo mwekundu nao unarudisha mwanga wake kutoka chini, na migomba iliyo karibu inaongeza ukijani.

Tiba ni karatasi nyeupe ya kuchapishia. Mpe mtu aishike pale uso wa msemaji utakapokuwa, si pale kamera iliposimama. Ivute kwa zumu hadi ijae kwenye kioo, kisha bonyeza kitufe cha kupima nyeupe. Wengi huishika karatasi mbele ya lenzi wakiwa wamesimama juani, wakapima jua, kisha wakarekodi hema. Karatasi hizi zina dawa ya kung'arisha inayoziegemeza kidogo kwenye buluu, kwa hiyo kamera itajibu kwa kuongeza umanjano kidogo. Kwenye ngozi nyeusi hiyo ni neema. Hema likibadilika rangi, pima tena. Video iliyoegemea buluu kidogo inarekebishika, lakini iliyozama kabisa haina wekundu wa kutosha uliobaki kuinuliwa. Ukiunyanyua, unanyanyua chembechembe.

Usiku huja na kesi yake. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na taa za neli huwaka na kufifia mara 100. Shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa ya sehemu moja ya 50 au ya 100 ya sekunde huenda sambamba na mapigo hayo. Shata ya sehemu moja ya 60 haiendi, na ndiyo unayoipata kwenye kamera iliyotumwa na shemeji kutoka Marekani, ambako umeme hupiga mara 60. Utaona picha inapumua, au mistari ya kivuli inatambaa juu ya nyuso. Nyingi ya kamera hizo hazikubali kubadilishwa mfumo, lakini zikiruhusu shata ya mkono, iweke kwenye 100 na tatizo litaisha. Kwenye mkesha wa matanga unaotegemea jenereta ndogo kuna la ziada. Jenereta nyingi hutoa mapigo 50 pale tu injini inapozunguka mara 3000 kwa dakika. Wapishi wakichomeka birika, injini inalemewa, mapigo yanashuka, na mistari inaanza kutembea hata kama shata yako ilikuwa sahihi. Usiishike kamera ukaikagua. Mwombe fundi wa sauti aangalie mafuta na mzigo.

Halafu kuna ukali wa picha, wingi wa rangi na utofauti wa giza na nuru. Hivi ndivyo vinavyomvutia mnunuzi, na ndivyo ningevipuuza. Ukali huu hauongezi chochote kilichoonwa na lenzi. Kamera inachora tu ukingo mweusi na mweupe kuzunguka kila umbo. Nywele zinakuwa waya, majani ya mahindi yanakuwa wembe. Wingi wa rangi nao unafanya kijani cha Kakamega, ambacho tayari hakihitaji msaada, kipige kelele. Vyote vitatu unaweza kuviongeza baadaye kwa dakika moja, ila ukali uliochorwa na kamera huwezi kuufuta. Viache katikati, au ukali ushushe kidogo.

Nyasi na majani yanadai kitu kingine. Mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, huokoa nafasi kwa kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu moja na nyingine. Mtu aliyekaa kwenye kiti ni kazi nyepesi. Wachezaji wa isukuti wakiingia uwanjani, mabega yakirushwa, nyasi zikitikisika na ngoma zikigongwa, karibu kila nukta inabadilika. Kwenye Sony, kiwango cha FX ni megabiti 24 kwa sekunde na cha chini cha LP ni 5. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 3 za FX, au saa 14 hivi za LP, na kwa sherehe ya kutwa nzima kishawishi cha LP ni kikubwa. Lakini kwenye LP wachezaji hao watavunjikavunjika vipande vya mraba, mikono yao ikiacha alama kama rangi iliyomwagika. UNESCO iliuingiza mchezo huu wa Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014, kwa hiyo video yako ya harusi huenda siku moja ikatafutwa na watu wasiomjua bibi harusi. Nunua kadi ya pili. Shata iache kwenye 50, maana mikono ya mpiga ngoma ina ukungu wake wa asili. Ukiipandisha hadi 500, ngoma itasikika laini na mikono itaonekana ikiruka.

Ukitaka kulinganisha mipangilio kwa haki, badilisha kitu kimoja tu kila mara, mtu awe yuleyule, kiti kilekile, na taja mpangilio kwa sauti mwanzoni mwa kila kipande ili usichanganyikiwe baadaye. Usihukumu kwa kioo kidogo cha kamera, ambacho juani hudanganya na kivulini hupendezesha. Peleka kwenye televisheni ya sebuleni, lakini kabla ya kuwasha video ingia kwenye menyu ya televisheni yenyewe. Nyingi bado ziko kwenye mpangilio mkali wa dukani uliowekwa ili zishindane na zilizo jirani ukutani. Ziweke kwenye mpangilio wa kawaida au wa sinema, kisha ndipo utazame kama uso wa mchungaji una rangi ya mchungaji.